Siku Mji Mzima Ulipomfuata Liwali

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa wakiwauliza watu wao neno, ingawa si mara nyingi, palikuwa na mji uitwao Ukunguni, na liwali wake aliitwa Hamduni. Alikuwa na tumbo la watu watatu na huruma ya nusu mtu. Alitoza kodi ya mazao, akatoza kodi ya mlango, na mwisho akaweka kodi ya moshi wa jikoni, ikawa watu wanatafuna mihogo mibichi na kulala mapema.

Desturi ya kumchagua liwali ilikuwa hivi: wagombea husimama uwanjani, na kila mtu huenda akasimama nyuma ya yule amtakaye. Ikiadhiniwa alasiri, kadhi wa Sultani huhesabu, na mwenye mstari mrefu ndiye liwali. Mara ya mwisho, nyuma ya Hamduni walisimama askari wake, wapishi wake na mbuzi mmoja aliyepotea njia. Akashinda, kwani mpinzani wake alikuwa kifungoni, na mji mzima siku hiyo ulikuwa ukiumwa tumbo. Habari zile zikamfikia Sultani, naye akasema, "Safari hii nisiposikia kwamba ana watu nyuma yake, simtambui."

Basi Hamduni akaingiwa na hofu. Akamwita Mwidau, fukara mmoja asiye na kitu ila ulimi, ambaye watu walimpenda kwa kuwa aliwachekesha bure.

"Ewe Mwidau," akasema Liwali, "Ijumaa, siku ya kuchagua, nataka mji mzima nyuma yangu. Wazee, wagonjwa, hata watoto wa mgongoni. Akikosekana mmoja, kichwa chako nitakitundika langoni."

Mwidau akajishika shingo. Aliipenda shingo ile, ingawa hakuwahi kuivika chochote. "Wawe nyuma yako tu, Bwana Liwali? Hakuna jingine utakalo?"

"Nyuma yangu tu."

"Basi watakuja. Nami nikikuomba usogee ili wote wapate nafasi, usogee."

Liwali akakubali. Mwidau akapita mlango kwa mlango, akisema, "Ijumaa baada ya sala, njooni tumsindikize Liwali."

Bi Mize, ajuza ambaye hakuwa ametoka kitandani tangu mwaka juzi, akauliza, "Kwani anaondoka, mwanangu?"

"Bibi, umeona wapi mtu akasindikizwa akabaki?"

Bi Mize akaitisha viatu vyake.

Ijumaa ikafika, nao watu wakamiminika wamevaa nguo za sikukuu, wana ngoma na mikate ya kumpa msafiri. Mgombea wa pili, Mwinyimvua mshona viatu, alisimama peke yake juani. Hata mkewe alikuwa kwenye mstari wa Liwali. Hamduni alitokwa na machozi ya furaha. Hakujua kama anapendwa kiasi kile.

"Bwana Liwali," akasema Mwidau, "sogea mbele kidogo, wengine wamebanana vichochoroni."

Akasogea. Wakaja wengine, akasogea tena. Akatoka uwanjani, akapita lango la mji, akashika njia ya mashamba, na kila alipotazama nyuma aliona mstari umerefuka, naye akazidi kunyoosha miguu. Kadhi akamfuata juu ya punda, akistaajabu. Hatimaye wakafika kwenye kijito, ulipo mpaka wa nchi ile, na Liwali akavuka daraja ili watu wazidi kuenea.

Hapo watu wakasimama, kama ilivyo ada ya wasindikizaji. Wakampa mikate yake. Bi Mize akamwombea dua ya safari, wote wakaitikia amina, wakageuka kurudi mjini, kadhi naye akageuza punda wake. Hamduni akapunga mikono akiwaita, nao wakampungia. Askari wake walisitasita, lakini wakaona haya kumfuata mtu waliyekwisha kumuaga.

Alasiri ilipoadhiniwa, mji mzima ulikuwa nyuma ya Mwinyimvua. Hamduni alifika uwanjani akihema, kadhi amekwisha kuhesabu.

Basi akakimbilia kwa Sultani kushitaki, na Mwidau akaletwa amefungwa kamba.

"Ulimwahidi mji mzima nyuma yake?" akauliza Sultani.

"Nilimwahidi, Maulana, na kadhi ni shahidi kwamba hakukosekana hata mgonjwa. Lakini Bwana Liwali hakusema wasimame mpaka lini."

Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka. Akaamuru Mwidau afunguliwe, na Hamduni apelekwe kupika katika jiko la askari. Kisha, akiwa bado anajifuta machozi, akauliza, "Na mimi je, Mwidau? Nikija Ukunguni, watu watatoka kuja nyuma yangu?"

"Watatoka wote, Maulana, hata wafungwa watavunja milango. Tuarifu tu siku ya kuondoka."

Kicheko kikakatika. Sultani akavua joho lake la dhahabu, akamvika kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akawageukia askari, akasema, "Msindikizeni huyu mpaka mpakani, sasa hivi, kabla mji wangu haujamsikia."