Jina la Binti wa Atuganile

Tulieni niwape mkasa, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Huko Tukuyu palikuwa na vijana watatu, mafundi wa kompyuta. Tumpe alijua kuchagua, Lusajo alijua kupanga, Subilaga alijua kulinda. Atuganile, katibu wa chama cha wachangia damu, aliwaita akiwa na mimba ya miezi mitano na madaftari kumi na moja mikononi.

"Jamani, humu mna watu elfu mbili," aliwaambia. "Mgonjwa akihitaji damu napekua kurasa mpaka vidole vinakufa ganzi. Mwezi jana nilimpata mchangiaji, mgonjwa keshazikwa. Nataka hospitali itafute yenyewe kwenye tovuti. Ila chama chetu ni cha wakulima, hakina kitu."

Tumpe akaanza na hifadhidata, yaani ghala la kutunzia majina hayo ndani ya kompyuta. Kampuni moja ilidai ada ya mwaka ambayo chama kisingeimudu hata kwa harambee. Tumpe akaachana nayo. Wiki tatu alizijaribu zile za bure, akizichomolea umeme katikati ya kazi ili aone ipi itapoteza majina. Ya nne haikupoteza hata moja. "Hii," akasema.

Lusajo akapanga, maana ghala lisilo na mpango ni lundo tu. Akaweka jedwali la watu, la makundi ya damu, la vijiji na la tarehe za kuchangia, akayaunganisha kwa namba. Swali moja likatosha: nani ana damu hii, yuko karibu, na amepumzika vya kutosha tangu alipotoa?

Subilaga yeye aliogopa radi. Wenzake wakamcheka. Akaomba kompyuta kuukuu iliyokuwa imelala bure Mbeya, akaifanya ipokee nakala ya kila jina papo hapo.

Miezi minne tangu awaite, Atuganile alijifungua binti, na damu ikamtoka bila kusimama. Kundi lake ni O hasi, lile adimu, na hospitali haikuwa nayo. Asubuhi hiyohiyo radi ilikuwa imeiunguza kompyuta ya chama. Kwa mbali alimsikia mumewe, Gwamaka, akisema, "Basi tena." Kisha sauti ya muuguzi: "Ngoja, tovuti inafunguka! Ile ya Mbeya imeshika zamu. Yupo mmoja, mchuma chai, kilomita mbili tu!"

Mchuma chai huyo, Ambakisye, akafika kwa bodaboda, vidole vingali vya kijani kwa majani ya chai. Damu ikapimwa, ikaoana. Jioni Atuganile akafumbua macho, akadai uji. Wodi nzima vigelegele!

Gwamaka akatangaza, "Binti huyu atachukua jina la aliyemwokoa mama yake."

Ambakisye akajitoa mwenyewe. "Damu ninayo miaka yote. Aliyejua pa kuniita ndiye hakuwepo."

"Bila mimi kusingekuwa na ghala," Tumpe akasema, akicheka.

"Lingekuwa lundo," akajibu Lusajo.

"Na lundo lenyewe majivu," akamalizia Subilaga.

Atuganile akamtazama mwanawe anavyonyonya kwa pupa. Watatu wale aliwapenda sawasawa, na muuguzi alikuwa amesimama na kalamu, akingoja jina moja.

Haya, kalamu ni yako. Ungeandika lipi, na wale wawili ungewaambia nini?