Mlango wa Bi Somoe

Mfungua mabawa mawili hafichi kifua. Mmeisikia jana kwenye suluhu ya shangazi zenu, mkarudi mnaniuliza imetoka wapi. Mimi nilisimuliwa na Fundi Nandonde, seremala, msimu wa korosho wa mwaka ule alioacha kazi kwa ajili ya macho. Alikuwapo jambo lilipotokea, na yale asiyoyaona aliyapata kinywani mwa mwenye nyumba. Kaeni basi, asili yake ni hii.

Upande wa Newala, pale tambarare ya Makonde inapokatika ghafla kama mkate uliopitishwa kisu, paliishi mjane aliyeitwa Bi Somoe. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho. Ukitoka barazani hatua thelathini, ardhi imekwisha. Chini ni bonde, na bonde lile halina maneno. Asubuhi ukungu hulijaza likawa jeupe tupu kama bakuli la maziwa. Jua likipanda, ukungu hunyanyuka polepole, ndipo unaona misitu, kisha mashamba, kisha mbali kabisa Mto Ruvuma, mwembamba kama uzi wa pamba ulioanguka sakafuni. Ng'ambo ya uzi huo ni Msumbiji. Watu waliozaliwa pale na kuzeekea pale bado wakilitazama bonde lile hunyamaza.

Nyumba alijengewa na mwanawe Yasini, mwenye kazi Mtwara mjini. Upande wa bondeni Yasini akaweka mlango wa kisasa, vioo viwili vikubwa vya fremu ya alumini, kimoja kimesimama daima, cha pili kinateleza juu ya reli. Alitaka mama yake aone bonde hata akiwa amekaa ndani. Ulikuwa mlango mzuri. Ila mlango wa namna ile haufunguki wote hata siku moja; nusu hubaki imefungwa. Tena ukitaka unaweza kuusogeza upana wa kiganja tu, ukasema na mtu kwa upenyo, ukaurudisha.

Hivyo ndivyo Bi Somoe alivyosema na mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Dadi, na kwa mama yao walikuwa wawili tu. Dadi alioa ng'ambo ya mto, akahamia huko, akalima ufuta na kulea watoto. Mama yao alipofariki ilikuwa mwezi wa tatu, mvua ya kutokatika. Dadi akapelekewa ujumbe aje amteremshe mama yake kaburini. Wakamngoja mpaka alasiri ya siku ya pili, wazee wakasema maiti hangoji, wakazika. Aliyeingia kaburini kumpokea marehemu alikuwa mtoto wa jirani. Dadi alifika siku ya kumi, mvua zimenyamaza, amekonda, nguo zimekauka na tope mwilini. Akapiga hodi upande wa bondeni, kwa sababu ndiko njia ya kupandia inakotokea.

Bi Somoe akamwona kwa kioo, naye Dadi akamwona yeye. Akausogeza mlango upana wa kiganja.

Dadi akasema mto ulijaa. Bi Somoe akainua macho akautazama mto. Maisha yake yote alikuwa akiutazama kutoka juu, hajapata kuushukia. Uzi ule mweupe, mtoto angeuruka! Akamuuliza kama uzi ule ndio uliomzuia kumzika mama, kisha hakungoja jibu. Akaurudisha mlango, ukafunga taratibu bila kelele. Dadi akasimama kidogo, akageuka, akashika njia ya kuteremka. Dada yake alimtazama akipungua, akipungua, mpaka akawa kama chungu anayetambaa, mpaka akawa hayupo.

Ikapita miaka sita.

Vumbi jekundu la kule likajaa kwenye reli, vigurudumu vikalika, mlango ukawa kila ukisukumwa unalia kama mbuzi. Hiyo ndiyo sababu aliyomwambia Fundi Nandonde, aliyekuwa amehamia karibuni kutoka Kitangari. Hakumwambia kwamba kila ulipolia kwenye upana ule wa kiganja, yeye alimwona mtu amesimama nje na tope mwilini. Akamwagiza amtolee kitu kile, amwekee mlango wa mbao wa mabawa mawili kama ule wa boma la zamani, wenye vioo vidogo vidogo ili bonde lisimpotee. Fundi akauliza mabawa yafungukie ndani au nje. Akaambiwa nje, barazani, maana sebule ni ndogo.

Fundi akapima, akaenda zake, akarudi baada ya wiki tatu na mninga uliokwisha randwa. Siku hiyo akachimbua fremu ya alumini ukutani na kuvitoa vioo vyote viwili. Bi Somoe alipoingia sebuleni alikuta ukuta umefumbuka. Miaka yote alikuwa akiliona bonde kwa kioo, bubu, kama picha. Sasa lilikuwa limeingia ndani lote: upepo wake, harufu ya udongo uliolowa, jogoo anayewika kijiji cha chini kabisa na sauti yake kupanda kote kule mpaka kwenye kochi lake. Akakaa sakafuni. Hata fundi aliweka nyundo chini.

Mwisho Bi Somoe, ili aseme tu neno, akasema mto ule nao ni mdogo kweli.

"Mdogo?" Fundi akacheka. "Mama, umewahi kusimama kando yake?"

Hajawahi. Basi fundi akamweleza. Mwaka mmoja alikwenda ng'ambo kununua mbao, wakati wa kurudi akakaa ukingoni siku tisa. Maji yalikuwa mekundu, na mapana hata mtu wa upande wa pili humjui kama ni mume au mke. Miti mizima ilipita mizizi juu. Lilipita paa la nyumba, na kuku wawili wamesimama juu yake, wanatazama huku na huku kama abiria. Mitumbwi yote ilifungwa, wenye mitumbwi wamekataa hata kusikiliza. Palikuwa na mtu mmoja pale, kila alfajiri alijitosa kupima kina. Maji yakimfika shingoni, wenzake wanamvuta kwa kamba waliyomfunga kiunoni. Alisema mama yake anazikwa na yeye yuko ukingoni anahesabu miti.

Bi Somoe akauliza ilikuwa mwezi gani. Wa tatu, fundi akasema, mwaka aliozaliwa kitindamimba wake, ambaye sasa ana miaka sita. Bi Somoe akainuka, akaingia jikoni, na siku ile hakuonekana tena uso wake.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kumsamehe mtu ni kazi, lakini kumtazama machoni mtu uliyemdhulumu ni kazi kubwa zaidi. Bi Somoe hakutuma salamu. Alijua amekosa, na kwa kujua huko akazidi kujificha. Ujumbe ulikuja wenyewe. Wachuuzi wa ufuta waliopanda kutoka bondeni walimletea maneno ya Dadi: magoti yanamwacha, atapanda mara hii moja, Jumamosi, na atapiga hodi tatu kama walivyofundishwa na mama yao. Asipojibiwa atashuka, hatapanda tena, wataonana ahera.

Jumatano fundi alimaliza kutia bawaba na makomeo. Mlango ulikuwa wa kupendeza, lakini mvua za kwanza zilikuwa zimezivimbisha mbao zake, mabawa yakawa yamebanana pale yanapokutana. Ukisukuma moja, la pili linalishika. Fundi akamwonyesha namna: weka viganja viwili, kimoja kila bawa, usukume yote pamoja, tena kwa kifua. Akaahidi kurudi Jumamosi arande ncha zake, liwe linafunguka hata bawa moja.

Jumamosi ukungu ulichelewa kuondoka. Ulipoondoka, Bi Somoe akasogea kwenye vioo vyake vidogo akaona chini kabisa, kwenye njia nyeupe ya bondeni, doa. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Likasogea. Likaingia miti, likatoka. Akaenda jikoni kukagua ming'oko, viazi vya mwituni vilivyokuwa motoni, akarudi, doa limekuwa chungu anayetambaa. Akaenda, akarudi, chungu amepata kichwa na fimbo. Kisha akaliona bega lililoinamia kushoto, bega la marehemu baba yao. Kitu kile kidogo kuliko punje ya mtama kilikuwa kimebeba mtu mzima ndani yake, na magoti yake, na watoto wake, na siku tisa za ukingoni. Na mto nao ni hivyo hivyo, akawaza.

Fundi alikuwa barazani ananoa randa. Alimwona anayepanda, akaona na kivuli cha mwenye nyumba nyuma ya vioo, akajisogeza mwisho wa baraza. Hodi ya nyumba ya mtu haijibiwi na mpita njia.

"Hodi," Dadi akasema.

Ndani, Bi Somoe alikuwa amesimama na kikombe cha maji mkononi. Alikuwa na mpango wake. Atafungua kidogo, upana wa kiganja, ampe maji kwa upenyo, amtazame kwanza uso. Akiona hasira, atajua la kufanya. Akatoa makomeo, akasukuma bawa moja kwa mkono mmoja. Bawa likatetemeka, likakataa.

"Hodi. Hiyo ya pili," Dadi akasema, anahema. "Ya tatu ngoja nipumue kwanza, dada, isije ikanitoa roho nikafia barazani kwako ukapata kesi."

Fundi akauma mdomo asicheke. Bi Somoe akajaribu kwa bega, maji yakamwagika nusu. Mlango hautaki. Kupitia vioo vile vidogo alikuwa akimwona mdogo wake vipande vipande: kioo hiki jicho, kioo hiki ndevu zilizokuwa nyeusi na sasa ni nyeupe, kioo hiki mkono juu ya fimbo. Hapakuwa na kioo hata kimoja kilichomwonyesha mzima. Akamwona ananyoosha mgongo, kama mtu aliyemaliza kupumzika.

"Hodi, Somoe."

Bi Somoe akainama, akakiweka kikombe sakafuni. Akaweka kiganja cha kulia kwenye bawa la kulia, cha kushoto kwenye la kushoto, akaegemeza kifua, akasukuma.

Mabawa yakashikana kidogo, kisha yakaachana yote kwa mara moja. Upepo ukayapokea, yakaenda huku na huku, naye akaenda nayo, mikono haijaziacha mbao. Akajikuta kizingitini, mikono imetanda upande huu na upande huu, kanga imemwanguka begani, kifua wazi mbele ya mdogo wake na mbele ya bonde zima. Hakupanga kusimama vile. Hakuna mtu aliyewahi kumwona amesimama vile. Na hakuwa na mkono hata mmoja wa kujifunika uso.

Fundi alisema alitia milango maisha yake yote, misikiti na shule na nyumba za watu, na siku ile ndipo alipoona mlango unamfungua mwenyewe. Dadi alikuwa amekuja na maneno ya miaka sita, ameyapanga njia nzima. Dada yake akamtangulia.

"Mto ulijaa," Bi Somoe akasema.

"Ulijaa, dada."

"Na mimi nilikuwa huku juu."

Dadi akaiacha fimbo ikaanguka, akaingia mikononi mwa dada yake, mle mle ilimotanda.

Baadaye wakala ming'oko na kisamvu cha nazi, wote watatu, mlangoni pale pale, hakuna aliyetaka kuingia ndani zaidi. Fundi alikuwa akimtazama sana mgeni. Mwisho akamuuliza kama si yeye yule wa kamba.

"Ndiye," Dadi akasema. "Na wewe nakukumbuka. Siku tisa hukunipa ugoro hata chembe."

Bi Somoe akacheka mpaka akafuta macho. Fundi naye, kwa kutafuta pa kuficha aibu, akashika randa, akainuka kwenda kuparuza ncha za mabawa kama alivyoahidi, yasibane, mama aweze kufungua hata moja, hata kwa mkono mmoja.

"Acha, mwanangu, usirande," Bi Somoe akamwambia. "Mfungua mabawa mawili hafichi kifua. Nami nilikuwa na mlango wa kufichia, umeutoa wewe mwenyewe."

Neno hilo ndilo fundi aliloondoka nalo, likashuka bondeni, likavuka mto, likapanda huku, mpaka jana mkalikuta kwa shangazi zenu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kufungua kidogo.

Siku ile fundi hakuondoka mapema. Jua la mchana lilikuwa limekolea na shibe imeingia. Dadi alilala kwanza, juu ya mkeka, katikati ya kumsimulia dada yake habari za wajukuu, neno moja limebaki mdomoni. Fundi akaegemea ukuta, randa mapajani, naye akapotea usingizini. Bi Somoe akamfunika mdogo wake miguu kwa kanga, miguu iliyopasuka kwa kupanda. Akautazama mto kwa muda mrefu, mlango ukiwa wazi wote. Kisha akajinyoosha pale kizingitini, kichwa juu ya mkono, upepo wa bondeni ukimpita juu kuingia ndani, naye akalala.