Fisi Ajiuzulu Siku Mbili Kabla

Mwaka huo vuli haikunyesha, na masika nayo ikapita kwa mbali kama mgeni asiyewajua wenyeji. Mito ya nyika ya Kidundwe ikakauka. Wanyama wakabaki na tumaini moja, Kisima cha Akiba, kilichofunikwa kwa jiwe tangu mvua za mwisho. Mlinzi mkuu wake alikuwa Fisi.

Mfalme Simba alitangaza kuwa kisima kitafunguliwa Ijumaa. Sheria ilikuwa fupi: mlinzi atakayekutwa na kisima kitupu atafukuzwa nyikani, yeye na wanawe.

Jumatano Fisi akaja barazani akichechemea kuliko kawaida yake.

"Mtukufu Mfalme, naomba kujiuzulu. Afya yangu imezorota. Msaidizi wangu Kobe ni mwaminifu, anafaa."

Simba, aliyependa sana kuombwa, akatikisa manyoya ya shingo. "Cheo nilikupa mimi, na ruhusa nakupa mimi. Kobe, kuanzia sasa kisima ni chako."

Wanyama wakapiga makofi. "Huyo ndiye kiongozi!" akasema Nyumbu. "Wangapi huacha cheo bila kusukumwa?"

Sungura hakupiga makofi. Wote pale walikuwa wamejaa vumbi, hata Mfalme. Fisi peke yake aling'aa kama aliyetoka kuoga.

Baraza lilipovunjika, akamfuata Kobe. "Mjomba, umeshachungulia ndani ya kisima?"

"Nichungulie vipi? Jiwe lile huliwezi peke yako. Fisi na nduguze ndio waliokuwa wakilisukuma, mimi nikilinda njia."

"Walilisukuma kwa nini, na kisima kimefungwa?"

Kobe akaingiza kichwa gambani. Alipokitoa, macho yalikuwa yamelowa. "Wanangu wameanguliwa juzi tu, Sungura. Tutahama vipi kwa mwendo wetu huu?"

"Hamhami. Bado hatujamuaga Fisi."

Kwa mila ya Kidundwe, mlinzi anayeondoka hupewa paja la nyama, na hulila palepale kisimani mbele ya wote. Alhamisi Fisi akatuma salamu: "Siwezi hata kuinua sikio. Nileteeni paja nyumbani."

"Mila hairuhusu," Sungura akajibu. Kisha akawasha moto kando ya kisima, upande ule upepo ulikokuwa ukielekea kwa Fisi. Mafuta yakadondokea makaa. Paja halijageuzwa upande wa pili, Fisi huyo, anakuja mbio kwa miguu yote minne.

"Pole na ugonjwa, Bwana Fisi."

"Umepungua, umepungua kidogo," akasema huku mate yakimtoka. "Lete nyama."

"Mikono kwanza, mzee. Mlinzi hunawa kwa maji ya kisima alichokilinda."

"Mimi hula bila kunawa!"

"Hilo tunalijua," akasema Nyani, na wote wakacheka.

"Nawa," akaamuru Simba.

Tembo akasukuma jiwe. Kobe akashusha kibuyu kwa kamba. Kila mmoja akatega sikio asikie maji. Wakasikia, ko! Kibuyu kimegonga mwamba mkavu.

"Mimi nilijiuzulu jana!" Fisi akapiga kelele. "Mlinzi ni Kobe! Muulizeni Kobe!"

"Kobe ana siku moja tu kazini," akasema Sungura. "Kwa siku moja hajafika hata nyumbani kwake kutoka barazani. Atanywa kisima kizima saa ngapi? Hebu tutazamane, ndugu zangu. Nani kati yetu anaoga mwaka huu?"

Wote wakayatazama manyoya ya Fisi yanayong'aa. Twiga akaenda hadi pangoni kwa Fisi, akarefusha shingo juu ya ua, akaita: "Kuna bwawa huku! Limebaki nusu!"

Simba akanguruma. Kiu ilimuuma, lakini kudanganywa mbele ya watu kulimuuma zaidi. "Ruhusa niliyokupa jana naifuta. Hujajiuzulu. Wewe ndiye mlinzi, na utaondoka nyikani na cheo chako kichwani."

Nusu ile iliwafikisha wanyama kwenye mvua. Fisi na wanawe waliondoka siku ileile, yeye akigeuka kila hatua kulitazama paja, ambalo Kobe alikuwa amekabidhiwa, naye hajui aanzie wapi kulitafuna.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.