Ndovu Aliyejulikana kwa Kuanguka

Kaeni!
— Tumekaa.
Masikio mnayo?
— Tunayo, mawili mawili!
Na simu?
— Tumezizima!
Waongo wakubwa nyie. Haya, sikilizeni.

Hapo kale, si kale sana, kale ya juzijuzi, palikuwa na mto uliokauka ukabaki mchanga mtupu. Maji yalikuwa chini, mbali, na aliyeweza kuyafikia ni mmoja tu, Ndovu. Alitia pembe mchangani, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka maji yakatoka, chwii. Anakunywa yeye kwanza, kisha anasogea pembeni, wadogo nao wanakunywa. Na desturi ya pale ilikuwa hivi: ukishakata kiu unainua kichwa, unasema, "Nimekunywa ya Ndovu." Basi. Jina lake lilitembea hivyo, koo kwa koo, mpaka kwa wasiowahi kumwona.

Lakini Ndovu naye alikuwa mlafi. Alikula mti huu, akala mti ule, akala magome, akang'oa na mashina. Ukingoni ukabaki mgunga mmoja tu, na juu ya mgunga aliishi Bi Kinyonga. Mayai yake alikuwa ameyafukia mizizini, penye unyevu wa kisima.

"Kesho nakula huu," Ndovu akasema.

"Mzee wangu, nina mayai hapo chini."

"Mayai yako yananihusu nini, kidudu wewe?"

Bi Kinyonga akazungusha jicho moja huku, jingine kule. Hakubishana. Akatoa simu. Maana siku hizo mnara ulikwisha kusimikwa kilimani, na kila mnyama alikuwa na simu. Hata Konokono alikuwa nayo, tena kubwa kuliko nyumba yake.

Simu ikalia: ti! ti! ti!

"Hao nani?" Ndovu akauliza.

"Wafuasi wangu. Ni wengi kuliko mchanga huu."

"Umewapa maji?"

"Sijawapa hata mate."

"Sasa wanakufuatia nini?"

"Nageuka kijani, wanashangilia. Nageuka njano, wanashangilia. Mimi ni nyota, mzee."

"Na mimi je?"

Bi Kinyonga akapekua, akapekua. "Jina lako humu halimo."

"Halimo! Na kisima changu?"

"Kisima nani alikirekodi?"

Ndovu akanywea, mnyama mzima. "Basi nirekodi, mwanangu."

Mnasikia? Sasa hivi alikuwa kidudu, mara amekuwa mwanangu.

Akachimba, kwaru, kwaru. Bi Kinyonga akarekodi, akarusha mtandaoni. Kimya. Akachimba tena. Kimya, si ti wala ta. Mara mguu ukateleza, puu! Makalio juu. Hiyo nayo ikarushwa.

Ti! ti! ti! ti! ti!

"Wanasemaje?"

"Wanasema rudia."

Akaanguka ukingoni, puu! "Wanasemaje?" "Wanasema rudia." Akaanguka kutoka juu ya kichuguu, puu! "Wanasemaje?" "Wanasema rudia."

"Ila hapa wameshapachoka, mzee," Bi Kinyonga akasema. "Wanataka kule majabalini, juu kabisa."

Na majabalini, kumbukeni, ni mbali na mgunga.

Ndovu akasahau mgunga. Akasahau na kisima, kikajaa mchanga. Yeye anapanda, anaanguka. Anapanda, anaanguka. Mpaka ile siku alipoanguka puu! na ndani ya puu ikasikika kacha! Pembe zote mbili.

Hiyo ilipendwa kuliko zote.

Ndovu akajikokota mpaka mtoni. Akamkuta Paa na mtoto wake, ndimi nje. Paa huyu alikunywa maji ya kisima kile tangu hajaota meno. Alipomwona Ndovu, macho yakamng'aa.

"Mwanangu, tazama! Ndiye yule! Yule anayeanguka!"

"Mimi ndiye niliyekuwa nawachimbia maji," Ndovu akasema.

"Sawa, babu, sawa. Hebu anguka kidogo, nikurekodi na mtoto."

Ndovu akaparura mchanga kwa mguu, ukarudi, chaaa. Akaparura, ukarudi, chaaa. Akamtazama yule mtoto. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Akaanguka, puu!

Mtoto akacheka. Akacheka mpaka midomo mikavu ikapasuka damu. Jioni ile hakucheka tena, wala kesho yake. Video yake ilipendwa sana.

Na Bi Kinyonga? Alishinda. Mgunga wake haukuguswa hata jani. Ila kisima kilipokauka, udongo wa mizizini ukawa tofali, na mayai yakabaki humo kama kokoto. Alikaa tawini akayangoja, akayangoja. Akageuka mweusi tii. Wafuasi wakasema rangi hiyo haijapata kuonekana.

Wakasema rudia.

Mimi nimefika, mate yamenikauka. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chungu, temeni nje, si mkekani kwangu.

— Na fundisho, bibi?

Fundisho lipo, mbona! Kosa la Ndovu ni kuchelewa. Miaka yote ile aliipoteza anachimba maji. Nyie msije mkafanya ujinga huo. Nendeni mkaanguke mapema, mngali na pembe.