Nani Apewe Kibanda cha Mlangoni?

Haya, sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na anayemenya karanga amenye kimyakimya. Leo sikuja na hadithi ya kuwapumbaza. Nimekuja na kesi, na mahakimu ni nyinyi. Mkishindwa nitarudi nayo nyumbani, na mume wangu ameshaichoka.

Mimi ni mwenyekiti wa soko la Itunda, kule milimani kwenye ndizi na viazi. Sokoni kwangu wapo watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza ni Subilaga, muuza ndizi. Huyu akitazama takataka anakwambia ni za nani. Wa pili ni Ambakisye, aliyekuwa mchoma mkaa. Huyu anaujua moto uliofukiwa. Wa tatu ni Tusekile, mkulima wa mboga nyuma ya soko. Huyu haogopi kuchekwa. Mnaguna? Ngojeni kwanza.

Mwaka jana halmashauri yetu ilitunga sheria ndogo. Bwana Afya akaja kutusomea, amepanda juu ya kreti la soda ili aonekane. Sheria ilisema taka zinazooza zisitoke tena sokoni kwenda dampo. Maganda, mabua, kabichi zilizooza, vyote tuvigeuze mboji hapohapo, na mboji hiyo iende shambani. Soko litakalokuwa halijaweza baada ya miezi sita litafungwa.

"Litafungwa kwa muda, au?" nikauliza.

"Litafungwa, mama," akasema, akakunja karatasi yake.

Zaidi ya watu mia mbili tunakula kwa soko lile. Siku hiyohiyo nikawaita wauzaji wote kikaoni.

Tukaweka mapipa mawili, moja la maganda na moja la plastiki. Watu wakatupa walivyozoea: ganda, chupa, kandambili iliyokatika, vyote pipa moja. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ndipo Subilaga akaacha ndizi zake, akainamia pipa, akachokoa.

"Nanasi hili limemenywa kwa kisu butu," akasema. "Kisu butu hapa sokoni anacho Gwamaka peke yake."

Akachukua mfuko wa nailoni uliokuwa na yale maganda, akaenda nao hadi kwa Gwamaka, mbele ya wateja, akauweka mezani katikati ya mananasi. "Kaka Gwamaka, umesahau mzigo wako." Kesho yake akarudisha chupa tatu kwa muuza maandazi. Keshokutwa akaniletea mimi mwenyewe pakiti ya majani ya chai, mwenyekiti mzima, na watu wakaangua kicheko. Alifanya hivyo kila siku. Wapo waliomtukana, na wenzake wakaacha kula naye mchana. Miezi miwili mizima alikula peke yake, amewapa mgongo. Lakini mwisho wa miezi hiyo, pipa la maganda lilikuwa na maganda matupu.

Sasa maganda tunayo, lundo refu kama mtu, nalo linanuka. Inzi wakahamia kwenye nyama, wauza nyama wakahamia kwangu na malalamiko. Ambakisye wakati huo alikuwa anabeba mizigo tu, maana mkaa ulikuwa umepigwa marufuku na hakuwa na kazi nyingine. Akaja akalitazama lundo.

"Mwenyekiti, hili ni tanuru," akasema. "Niachie."

Nikamwachia. Akalifukia lote kwa udongo, akalishindilia kama anavyofukia magogo ya mkaa, akaziba kila ufa. Kwa wiki mbili hatukusikia harufu, tukamsifu sana. Tulipofukua, jamani! Mbwa wa sokoni walikimbia. Ndani mlikuwa na uji mweusi. Ambakisye aliona aibu, siku tatu hakuja. Siku ya nne akaja na jembe.

"Nimekosea," akaniambia. "Mkaa unaunyima hewa. Lundo hili linataka kupumua."

Akaanza upya. Maganda mabichi, juu yake mabua makavu, tena maganda, tena mabua, na katikati akasimamisha vijiti vya kupitishia hewa. Kila asubuhi anachomeka chuma ndani, anakichomoa, anakishika. Kikiwa cha moto anatabasamu. Kikipoa anapindua lundo lote, peke yake, jasho linamtoka. Inzi wakaondoka. Mwezi wa tano wa ile miezi sita, lundo likawa udongo mweusi, laini, unaonukia kama shamba baada ya mvua. Nilichota kiganja kizima nikafurahi kama mtoto.

Kumbe furaha yangu ilitangulia. Bwana Afya akapita, akalitazama, akasema, "Vizuri. Lakini lundo lisiloondoka ni dampo lingine. Mwezi ujao nataka kuona limetumika." Nikawaita wakulima. Hakuna aliyegusa. "Tulishe watu uchafu wa sokoni?" walisema. "Nani atanunua?"

Ndipo akatokea Tusekile na toroli. Ana bustani moja tu, na ndiyo inayomlisha yeye, wanawe na mama mkwe wake. Hakujaribu kwenye kona. Alimwaga mboji bustani nzima, akapanda mchicha. Wiki nne hazijaisha, mchicha ulikuwa na majani mapana kama kiganja cha mtu mzima. Akauleta sokoni, watu wakaupita. Mafungu yakanyauka mbele yake siku mbili. Siku ya tatu akaleta mafiga, sufuria na kuni, akainjika langoni saa saba mchana. Akapakua sahani ya kwanza, akampa mama mkwe wake.

"Kula, mama."

Mama mkwe akala. Sisi tunakodoa macho.

"Ingekuwa sumu, ningempa mama mbele zenu wote?" Tusekile akauliza.

"Mama mkwe ungempa!" mtu akapaza sauti, soko zima likacheka, na mama mkwe akacheka kuliko wote, akasogeza sahani aongezwe. Gwamaka akaomba kuonja. Jioni mafungu yote yaliisha, na asubuhi wakulima walipanga foleni na magunia kulichota lundo. Bwana Afya alipofika mwisho wa mwezi wa sita, alikuta pale penye lundo pamefagiwa.

Soko letu halikufungwa. Hata sasa nikilisikia likianza kelele asubuhi, moyo unanitulia.

Kesi yangu iko hapa. Halmashauri imefurahi, imejenga kibanda kimoja mlangoni, cha bati, chenye rafu na kufuli, kiwe cha mtu aliyeliokoa soko. Fomu ina mstari mmoja wa jina. Kibanda chenyewe, mtu akiketi na bidhaa zake, wa pili anabaki nje.

"Miaka kumi na tisa nauza ndizi kwenye mvua, kifua kimeharibika," anasema Subilaga. "Bila mimi, Ambakisye angeozesha nini? Kandambili?"

"Ulichambua, lakini kilichobaki ni uozo," anasema Ambakisye. "Nani alikigeuza? Na nyinyi mna pa kuuzia. Mimi hata pa kutandika gunia sina."

"Nyinyi mlitengeneza lundo," anasema Tusekile. "Mimi nililiondoa. Na nyinyi kama mngeshindwa, mngepoteza nguvu zenu tu. Mimi ningelaza watu na njaa."

Mtasema tupige kura. Niliwaza hivyo pia. Lakini Ambakisye hajamkera mtu, na Tusekile aliwalisha. Subilaga nani atampigia, wakati kila mpiga kura aliwahi kurudishiwa takataka zake mezani? Angeshindwa kwa sababu ya kazi ileile tuliyomtaka aifanye.

Wote watatu bado wanakuja. Subilaga anachambua, Ambakisye anapindua, Tusekile anabeba. Lundo jipya linakwenda vizuri kuliko la kwanza, na masoko mengine yanatuma watu kujifunza kwetu. Ila hao watatu hawasalimiani, na kwetu sisi mtu kumpita mwenzake bila salamu ni jambo zito. Linaniuma.

Fomu ninayo hapa. Nimeandika jina la soko, nimeweka sahihi yangu, na kesho inatakiwa ofisini. Mstari wa jina ni mtupu. Haya, wewe uliyenyamaza muda wote huo: shika kalamu hii. Je, ungeandika jina la nani, na hao wawili wengine ungewaambia nini ili kesho wasalimiane?