Kiingilio cha Sikudhani

Sikudhani alipoomba kujiunga na chama cha wavuvi wa ndoana pale bwawani, Mwenyekiti Ngwali alijipapasa kitambi.

"Samaki wako wa kwanza ni wangu. Nikishamla, umekuwa mwanachama. Na adabu zetu uzijue: samaki asiyefika kiganja hurudishwa majini. Mwanachama akimvua asimrudishe, au akimla, nje!"

Kesho yake Sikudhani akampelekea perege wa kukaanga mbele ya wanachama wote. Ngwali akamtafuna mpaka kichwa, kisha akafoka, "We mwanamke, kasamaki gani haka? Hakafiki hata kiganja!"

Wanachama wote wakamkodolea Ngwali macho.

"Lakini kamvua yeye!" akalalama.

"Nilimvua jana, Mwenyekiti, nikiwa mgeni," akajibu Sikudhani. "Wewe umemla leo. Haya inuka, mwanachama mpya akae."