Ukuta wa Jikoni

Kilima cha dhahabu cha Masara kilikuwa kimechimbwa kwa umbo la upinde, kikabaki na kuta nne ndefu zilizotazama bonde moja. Hata hivyo, katika vitabu vya chama cha wachimbaji kuta zilikuwa tatu. Ule wa nne, upande wa mashariki, haukuitwa ukuta wala mgodi. Uliitwa Jikoni. Chini yake ndiko wanawake walikoketi tangu asubuhi hadi jioni wakiponda mawe na kuosha mchanga, kwa sababu mila ya wachimbaji haikumruhusu mwanamke kusogelea mashimo. Ati dhahabu humkimbia. Ajabu ni kwamba dhahabu hiyo hiyo haikuwahi kuwakimbia walipoiponda. Wanaume walilitamka jina hilo kwa mzaha mpaka wakasahau kuwa ni mzaha.

Scovia Nyangi aliijua Jikoni kuliko wengi. Dada yake mkubwa, Edinah, alikuwa ameponda mawe pale kwa miaka sita, ili mdogo wake asome chuo cha ufundi kule Homa Bay. Scovia hakumwangusha. Alirudi Masara akiwa fundi wa rada, na chama kilipopata mtambo wa kulinda kuta baada ya maporomoko ya mwaka uliotangulia, yeye ndiye aliyekabidhiwa.

Mtambo wenyewe haukuwa na mbwembwe. Ulikuwa bamba la ukubwa wa mlango, limesimamishwa ng'ambo ya bonde, na ndani yake mlikuwa na antena ndogo sitini na nne zilizopangwa safu safu kama punje za mahindi kwenye gunzi. Haukuzungusha kichwa kama rada za viwanja vya ndege. Antena moja ikitangulia kutoa wimbi na jirani yake ikichelewa kidogo tu, mwale wote ulipinda upande. Fundi akibadilisha ule ucheleweshaji, mwale uliruka hadi ukuta mwingine kufumba na kufumbua. Hivyo ndivyo mtambo mmoja ulivyolinda kuta nyingi kwa zamu, na kuutambua ukuta uliosogea hata kwa unene wa ukucha. Lakini ulitazama pale tu palipoandikwa kwenye orodha yake, na orodha ilikuwa na kuta tatu.

"Mwenyekiti, tuongeze Jikoni," Scovia alisema wiki ya kwanza ya mtambo kuwashwa. "Itachukua sekunde kumi na mbili tu kwa kila mzunguko. Hizo kuta zingine hazitapoteza kitu."

Mwenyekiti Omanga, mtu wa maneno matamu na mikono mizito, alicheka. "Madam, hii mashine ni ya mgodi. Jikoni kuna mgodi gani? Hao ni akina mama wanaponda mawe tu." Kisha akalainisha sauti. "Leta hayo maneno kwa mkutano Jumapili. Hata barua yako ya kazi ya kudumu tutaiangalia hiyo siku."

Alijua pa kumshika. Scovia alikuwa kibarua kwa mwezi wa tano sasa, na kibarua hutimuliwa bila kuambiwa kosa lake. Akanywea. Jumapili ilipofika, wanaume walibishana juu ya pampu iliyoharibika hadi jua likazama, na hoja ya Jikoni ikaahirishwa. Jumapili ya pili mwenyekiti alikuwa matangani Rangwe. Hakuna aliyesema hapana. Ndivyo mikutano inavyoua watu, kwa adabu na kwa kuahirisha.

Alhamisi iliyofuata, Scovia alimpelekea dada yake chakula cha mchana. Edinah aliweka nyundo chini, akamshika mkono na kumpeleka mpaka kwenye ukuta.

"Kuja uone," alisema. "Juzi hii ufa ilikuwa inaingiza kidole. Saa hii inaingiza ngumi. Hiyo mashine yako inatuonaga kweli?"

Scovia alitazama. Ufa ulikuwa umeshuka kutoka juu hadi kimo cha mtu, na vumbi laini lilichuruzika kutoka ndani yake ingawa hapakuwa na upepo. Hakuhitaji antena hata moja kujua maana yake.

"Haijaambiwa itazame huku," alijibu. "Nangoja mkutano wa Jumapili."

"Iambiwe na nani? Si ni wewe unaishikaga?"

"Dada, mwenyekiti hajakubali. Nikiiguza bila ruhusa watanifuta."

Edinah aliuachia mkono wa mdogo wake. "Sawa, mtoto wa mama. Ngoja barua yako kwanza. Sisi tutasonga mbele kidogo."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Scovia. Wote wawili walijua kwamba mbele, mbali na ukuta, hakukuwa na maji ya kuoshea mchanga, na kwamba mwanamke asiyeosha mchanga hana alichofuata mgodini.

Alasiri hiyo Scovia aliketi mbele ya kompyuta yake, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kuongeza ukuta kwenye orodha. Hakuna ambaye angejua. Aliiwaza barua, akamwaza Omanga, akajiambia kuwa siku tatu si nyingi. Akaondoa kidole. Huo ulikuwa woga, na hata yeye mwenyewe hakuupa jina lingine.

Ijumaa, saa nne asubuhi, kuta tatu zilikuwa za kijani kibichi kwenye kioo cha kompyuta, zimetulia kama maji ya mtungini. Ghafla ardhi ilitetemeka. Scovia aliinua macho akaona wingu la vumbi likipanda upande wa mashariki. Akafanya jambo la kipumbavu kuliko yote: kabla ya kukimbia, aliandika Jikoni kwenye orodha. Mtambo ukatii papo hapo, ukapindisha mwale wake na kumchorea ukuta wa nne. Ulikuwa mwekundu wote.

Walichimba kwa mikono hadi jioni. Wanawake saba walitolewa wakiwa hai. Wanne walitolewa wakiwa maiti, na Edinah alikuwa wa tatu.

Baada ya mazishi, afisa wa uchunguzi alikuja kutoka Migori akaitisha baraza. Omanga alisimama akasema chama hakikuwahi kupokea ombi rasmi. Ndipo afisa akamgeukia Scovia.

"Rada haikuonyesha hatari yoyote?"

"Haikuonyesha. Haikuambiwa itazame kule."

"Na wewe mwenyewe hukuona chochote?"

"Niliona. Nilionyeshwa ufa siku moja kabla."

"Mbona hukuchukua hatua?"

"Nilikuwa nangoja niambiwe."

Achieng, aliyetolewa kifusini mguu ukiwa umevunjika, alijiinua kwa magongo yake. Machozi yalimtoka, lakini sauti haikutetemeka.

"Afisa, mashine msiilaumu," alisema. "Mashine ni chuma, lazima iambiwe. Lakini huyu ni mtu. Dada yake alimshika mkono akampeleka mpaka pale."

Scovia alitamani ardhi ipasuke immeze, nayo ardhi, iliyokwisha kummeza Edinah, haikumsogelea. Kweli, mwenye macho haambiwi tazama.